Nusu Iliyotupwa

Wifi yangu hajawahi kuiba hata pini. Naanza na hilo kwa sababu wapo watakaosoma mpaka hapa tu, na afadhali waondoke na neno la kweli kuliko lile waliloliokota mtaani.

Yeye ndiye kitinda mimba wa nyumba ya marehemu mume wangu. Mama yao alipofariki alikuwa bado shuleni, akaja kukaa kwetu, akanikuta nafundisha hisabati sekondari. Alikuwa mbishi, lakini mbishi mwenye adabu. Ukimwambia jambo, anauliza kwa nini. Ukimjibu, anauliza tena, mpaka unajikuta unajitetea mbele ya mtoto ambaye uji wake umeupika wewe. Mume wangu alikuwa akicheka: "Mwalimu, umeletewa mkaguzi mpaka jikoni."

Kazi ya familia ni udobi. Mume wangu ndiye aliyeanzisha duka, na alipotutoka likashikwa na kaka yake mkubwa, shemeji yangu, ambaye wapiga pasi walimwita Mwenyekiti kwa kuwa hata watu wawili wakisalimiana yeye lazima afungue kikao. Mimi nilibaki na hisa na heshima. Hisa chache, heshima ya mdomoni.

Mbele ya duka kuna kaunta. Katikati kuna mashine na mvuke unaowafanya wapiga pasi waonekane wametoka kulia. Nyuma kabisa kuna chumba cha kutundikia, vyuma vimepita kutoka ukuta hadi ukuta, kila ndoano na namba yake. Mwenyekiti alinunua mifuko ya kufunikia nguo iliyo myeusi, eti haionyeshi vumbi. Haionyeshi na nguo pia. Ukiingia mle, gauni la harusi na koti la mlinzi vinafanana kama mapacha. Zamani, mteja akija, unafungua mfuko, unatazama kitambulisho kilichobanwa ndani ya ukosi, siyo, unafunga, unakwenda unaofuata. Wateja walikuwa wakisema kwetu unaleta nguo ukiwa kijana.

Wifi alipomaliza chuo, alikosomea utunzaji wa ghala, alikabidhiwa chumba hicho na ufunguo wake. Haukupita muda akaanza kujifundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, juu ya meza yangu ya chakula, kwa kompyuta iliyokuwa na kibodi yenye pengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Jioni moja akanigeukia.

"Wifi, nina namba kichwani, kati ya moja na elfu moja. Itafute."

"Mia tano," nikasema, bila kuacha kuchambua mchele.

"Yangu ni kubwa zaidi."

"Mia saba na hamsini."

"Ni ndogo kuliko hiyo. Ngoja kwanza. Mbona hukuanza na moja, halafu mbili, halafu tatu?"

"Mimi sina wazimu."

"Basi sisi kule dukani tunao, maana ndivyo tunavyotafuta nguo za watu kila siku."

Hapo ndipo ilipoanzia. Kila mteja wetu ana namba yake ya kudumu. Wifi alizipanga namba zote kwenye faili kutoka ndogo kwenda kubwa, na mbele ya kila moja jina la mteja na ndoano iliyobeba nguo zake. Kisha akaandika programu ya kutafuta kwa kugawa nusu. Ina vidole viwili, alivyoviita chini na juu: kimoja mwanzo wa orodha, kimoja mwisho. Inatazama katikati:

kati = (chini + juu) // 2

Ile mikwaju miwili, vile vistari vilivyoinama, alinieleza, inagawanya na kutupa desimali, "kwa sababu hatuna mteja nusu." Namba iliyo katikati ikiwa ndogo kuliko inayotafutwa, basi zote zilizotangulia hazina kazi; kidole cha chini kinaruka mbele ya katikati. Ikiwa kubwa, kidole cha juu ndicho kinachorudi nyuma. Inagawa tena, na tena, mpaka ikutane na namba yenyewe, au vidole vipishane, maana yake mteja hayupo. Kwa wateja elfu moja haitazami zaidi ya mara kumi.

Haikukaa sawa mara ya kwanza. Wateja wengi iliwapata, lakini kuna wengine ukiwaulizia, programu inanyamaza tu, haijibu ndiyo wala hapana. Tulikaa na karatasi, mimi na yeye, tukaifuata mstari kwa mstari. Alikuwa ameandika chini = kati. Wakibaki wateja wawili, katikati inaangukia kwa yuleyule wa kwanza, na kidole hakisogei.

"Inapiga mguu palepale kama askari wa gwaride," nikamwambia.

Akajipiga kofi la paji la uso. "Kumbe! Huyo wa kati nimeshamtazama, nambakiza wa nini?" Akaongeza moja: chini = kati + 1. Akacheka peke yake kwa muda mrefu. Kama mnataka kumjua wifi yangu, mjueni kwa kicheko hicho.

Dukani mambo yakanyooka. Wapiga pasi wakambatiza Mama Nusu. Wateja nao hawakubaki nyuma: "Mama Nusu, nakusihi, suruali yangu unipe miguu yote miwili." Yeye anawajibu, "Wa pili unalipiwa peke yake." Mwenyekiti alijisifia kompyuta ile kwa kila aliyeingia, kana kwamba aliizaa.

Sharti lilikuwa moja tu, na wifi alimwambia kaka yake mbele yangu.

"Kaka, orodha hii usiiguse. Mpangilio wa namba ukivurugika, programu haitakuambia umevurugika. Yenyewe inaamini tu kwamba ndogo zimetangulia. Itakuambia mteja hayupo."

"Mimi nimepiga pasi hapa wewe ukinyonya."

"Ndiyo maana nakuomba, kaka. Sikuamrishi."

Akaitikia kwa kichwa. Watu wengi huitikia ili mazungumzo yaishe.

Sasa, duka letu lina desturi ya wateja wa heshima. Ilianza na mume wangu, na kwake ilikuwa jambo dogo la uungwana: wazee na watu wazito wapigiwe pasi mapema, wasisimame kaunta. Mwenyekiti aliirithi akaigeuza dini. Siku wifi alipolala na mafua, Mwenyekiti aliketi mwenyewe kwenye kompyuta, akaifungua orodha, akamwona hakimu mstaafu, mteja wetu mkubwa kuliko wote, yuko chini kabisa, nyuma ya muuza vocha wa kituoni. Nilisimuliwa na mpiga pasi aliyekuwapo.

"Hakimu nyuma ya muuza vocha?" alifoka. "Duka hili lina adabu!"

Akamng'oa hakimu na mstari wake, akampandisha juu kabisa. Akampandisha mwalimu mkuu, akampandisha mwenye famasi, akawapandisha waheshimiwa wote mpaka kila mtu akakaa panapomstahili. Akahifadhi faili, akaenda kunywa chai. Hakumwambia mtu.

Kisha akaja hakimu kuchukua suti. Alikuwa anakwenda kumwoza binti yake mji mwingine, na gari lilikuwa nje linanguruma. Wifi akaingiza namba. Kompyuta ikajibu: hayupo. Akaingiza tena. Hayupo. Suti aliipokea yeye, akaitundika yeye, na programu ni yake mwenyewe.

Lililotokea mle ndani mwanafunzi wangu yeyote angelieleza. Namba ya hakimu ni kubwa. Programu ilitazama katikati, ikakuta namba ndogo kuliko yake, ikatupa nusu yote iliyotangulia. Na hakimu alikuwa humo, kileleni, kwenye kiti cha heshima alichopewa na Mwenyekiti. Kila ilipogawa, ilizidi kumpa mgongo. Muuza vocha angekuja siku ile, pengine angepata nguo zake kabla hajamaliza kusalimia.

"Binti," hakimu akasema, "kama imeungua useme. Nguo ni nguo."

"Haijaungua, mheshimiwa. Ipo. Nipe nafasi kidogo."

Alikuwa ameshaanza kufungua mifuko, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti akatoka ofisini.

"Kompyuta inasemaje?"

"Inasema hayupo, kaka, lakini..."

"Na ufunguo wa chumba anao nani?"

"Ninao mimi."

Mwenyekiti akamgeukia hakimu, akakunjua mikono. "Mheshimiwa, unaona mwenyewe. Siku hizi hata damu yako..." Hakumalizia. Aliliacha neno lining'inie pale kaunta, na kila mteja aliyekuwepo akalimalizia kwa namna yake. Kikulacho ki nguoni mwako, mtu mmoja akanong'ona, na wakaguna.

Hakimu aliondoka na koti la kuazima.

Wifi alirudi kwenye kompyuta. Safari hii hakuitafuta namba. Aliisoma orodha kwa macho, na mstari wa kwanza tu ukamtosha. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoano, akafungua mfuko. Suti ilikuwa imetulia humo, imenyooka kama siku aliyoitundika. Akaileta mbio, akanyanyua simu ampigie hakimu. Mwenyekiti akamnyang'anya.

"Niachie. Mtu mzito huongea na mtu mzito." Akaongea. "Mheshimiwa, pole sana. Nimelishughulikia mwenyewe. Suti imerudishwa."

Wifi alisubiri mpaka simu ikawekwa chini.

"Imerudishwa na nani, kaka?"

"Maneno tu hayo."

"Basi mpigie useme imepatikana. Sema ilikuwa kwenye ndoano yake."

"Na nani aliivuruga orodha? Nimwambie mimi? Mteja mkubwa aambiwe mwenye duka hajui kazi?"

Tulikutana sebuleni kwangu, sisi watatu, kwa sababu nilitaka jambo lile limalizike kabla halijatoka uani. Mwenyekiti alifungua kikao, kama kawaida yake. Alisema habari iachwe ipoe. Alisema analinda jina la familia.

"Shemeji," nikamwuliza, "na huyu jina lake lipi? Si hilohilo?"

"Wewe ni msomi, shemeji, sikatai. Lakini duka si darasa."

"Darasani mtu akikosea hesabu hatumfukuzi jirani yake."

Wifi hakutaka malumbano. Aliomba kitu kimoja. "Twende wote kwa hakimu. Sitasema neno. Wewe useme tu kwamba mstari uliusogeza wewe, kwa kumheshimu. Atacheka, yataisha."

Na kweli yangeisha. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kosa lenyewe lilikuwa la adabu iliyopitiliza; hakimu angelisimulia kwenye harusi.

"Kaka mkubwa haendi kujivua nguo mbele ya mteja," Mwenyekiti akasema.

"Basi umenivua mimi," wifi akajibu. Akauweka ufunguo juu ya meza.

Kabla ya kuondoka aliipanga orodha upya, na akaongeza kipande kwenye programu: kompyuta ikiwashwa asubuhi, iipitie kwanza orodha yote, ikague kama kila namba ni kubwa kuliko iliyoitangulia. Isipokuwa hivyo, iandike: Orodha haijapangwa, sitafuti. Mimi niliona huo ni ukarimu usiostahili. Mwenyekiti aliona ni matusi. Aliwarudisha waheshimiwa wake juu, na kila asubuhi kompyuta ikamgomea, mpaka akaita fundi aifute programu yote. Leo wanafungua mifuko mmoja mmoja, na yeye huwaambia watu kwamba kompyuta ziliharibu biashara.

Neno "imerudishwa" lilikwishapata miguu. Mtaani suti moja ikawa suti kadhaa, kisha ikawa na saa mfukoni. Wifi aliomba kazi kwenye ghala la hoteli. Meneja alisoma jina la ukoo, akauliza kama yeye ndiye yule. Jina nililolinda miaka yote kwa kutokopa, kutogombana na kutochelewa lilimfungia mlango mtu aliyelistahili kuliko sisi sote. Sasa anawafundisha wanaoanza kompyuta, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya shule. Somo la kugawa nusu analianza kwa kuwaambia: kagua kwanza kama imepangwa, na mwulize aliyeigusa mwisho.

Juzijuzi alinisindikiza kliniki ya macho. Ukumbi ulijaa, tukapata viti viwili ukutani. Baada yetu kulikuwa na kiti kimoja kitupu chenye simu juu yake, na baada ya simu aliketi hakimu. Alinisalimia kwa heshima zote. Kisha akamwona niliyefuatana naye. Akainyanyua ile simu taratibu, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Nilisimama. Nilimweleza yote, mbele ya wagonjwa, kwa sauti ninayoitumia darasa likijaa: orodha, waheshimiwa waliopandishwa juu, nusu iliyotupwa na yeye akiwemo, suti kwenye ndoano yake. Alinisikiliza kama hakimu anavyosikiliza, uso hausemi kitu.

"Mama," akasema nilipomaliza, "ya nyumbani huishia nyumbani. Mimi nilishamsamehe zamani."

Wifi akainua kichwa. "Ulinisamehe nini, mheshimiwa?"

Muuguzi alitokea mlangoni akaita jina lake. Hakimu akainuka, mkono juu ya mfuko wa koti, akaingia ndani. Nikarudi kitini kwangu.

Wagonjwa wengine walikuwa wamesimama kwa kukosa nafasi, mmoja na mtoto mgongoni. Vile viti viwili vilivyo kando ya wifi yangu, kile cha simu na kile cha hakimu, vilikuwa vitupu sasa. Hakuna aliyekuja kuvikalia.