Tuliposema Salama Redioni

Mke wangu anafanya kazi Maskati. Ni muuguzi, na mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili. Nalitaja hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wakiniona juu ya paa la nyumba yetu mtaani Bondeni, Mombasa, nikivuta waya kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye mlingoti wa televisheni ya jirani, huuliza kama nimerukwa na akili, na jibu la swali hilo linaanzia Maskati.

Mimi ni fundi wa friji. Si mtu wa subira, na atakayekwambia vingine ananistahi tu. Alipoondoka nilidhani nitakayoyaona magumu ni yale makubwa, usiku, sikukuu, homa. Kumbe ni upuuzi. Ni ndara zake za bafuni, ambazo siwezi kuzitoa mlangoni wala siwezi kuzizoea, basi kila asubuhi nazikanyaga na kuzilaani. Ni yule mama wa mahamri, ambaye bado ananifungia ya watu wawili na mbaazi za watu wawili, nami naona haya kumwambia apunguze. Nayala yote. Nimenenepa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Tulikuwa tukizungumza kwa simu kila siku, na udhia wenyewe ulikuwa hapo hapo. Sisi watu wa Mombasa hatuwezi kufungua mazungumzo bila salamu, na salamu zetu hazina mahali pa kutia habari mbaya. Habari za huko? Salama. Kazi? Alhamdulillah. Afya? Salama, sijui wewe. Mtu amevunjika mguu, atasema salama kwanza, kisha autaje mguu akikumbuka. Mimi na mke wangu tulikuwa hatufiki kwenye mguu. Tukimaliza kuulizana hali, yeye keshaitwa wodini, au mtandao umekwama, au mimi nimeingiwa na haya kama kijana aliyekwenda kuposa peke yake.

Mkataba ulipokaribia kwisha aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Wanataka niongeze miaka miwili mingine. Wewe waonaje?"

Nilitaka kumwambia arudi hata na ndege ya jioni ile. Lakini alikuwa ameipenda kazi ile, aliitamani tangu hatujaoana, nami sikutaka kuwa mume wa kumvuta mke nguo. Nikasema, "Fanya unaloona lina kheri nawe. Huku salama."

Nikangoja aseme hataki kuongeza. Akasema, "Haya."

Ile "haya" nilikaa nayo wiki nzima. Niliigeuza huku na huku kama kipuri nisichojua kimetoka kwenye mashine gani.

Sasa, redio. Niliingia kwenye redio, hizi za watu kuitana wenyewe angani, miezi michache baada ya yeye kuondoka, kwa sababu nilihitaji mahali pa kwenda baada ya kazi pasipokuwa baraza ya watu wanaoniuliza, "Yuwaja lini?" Kundi letu la kisiwani ni la watu watatu. Yuko mwalimu wa hisabati wa Tudor, mama wa makamo anayecheka kabla hajamaliza kusema jambo linalomchekesha. Yuko mzee mmoja wa bara, aliyefanya kazi ya ishara na simu katika reli mpaka akastaafu, akakataa kurudi kwao. Tunamwita Mkuu, na hajawahi kukanusha cheo hicho. Na mimi. Sote tulifanya mtihani, tukapata leseni, na sote watatu tuna watu wa nyumbani wanaotuona wapungufu kidogo.

Kazi yetu kubwa ni kujizoeza kupeleka barua pepe pasipo mtandao. Unaandika barua kwenye kompyuta, programu inaigeuza kuwa sauti, redio inairusha sauti ile angani, na kituo cha mbali chenye mtandao kinaidaka na kuifikisha kwa mwenyewe kama barua pepe yoyote. Majibu hukaa kule mpaka uyaite kwa redio. Siku nyaya za chini ya bahari zikikatika na minara ya simu ikizimika, sisi ndio tutakaobaki tukisikika, au ndivyo tunavyojipa moyo. Sauti yenyewe ni kama ya mtu anayesukutua huku amekasirika. Halafu ni ya polepole mno. Kwa ukurasa mmoja unaweza kunywa kahawa, ukaongezwa, ukamaliza, na bado ile programu inahesabu.

Zoezi letu la kwanza na wenzetu wa Nairobi, lililokuja mwisho wa wiki ile ya "haya", liliandaliwa vizuri. Tulipewa kisa cha kubuni: mvua kubwa, umeme hakuna, maji yameingia Mji wa Kale na mabondeni yote ya kisiwa. Mwalimu alikuwa Tudor, Mkuu kwake, mimi nilipanda kwenye paa la rafiki yangu mmoja karibu na bandari ya zamani, na kila mmoja alipaswa kuripoti mtaa aliokuwapo. Nairobi palikuwa na mtu mwenye kazi moja, kusoma mstari wa kwanza wa kila ripoti na kuupa mtaa rangi kwenye ramani. Kijani ni wazima, nyekundu ni wapelekewe msaada.

Niliandika ripoti nzuri sana. Nilieleza kwamba maji yamefika madirishani, wazee wamepandishwa ghorofani, watoto wanakosa maji ya kunywa. Lakini huwezi kuanza na maji madirishani. Nilianza, "Assalaam alaykum, ama sisi huku Mji wa Kale salama, tunamshukuru Mungu, sijui nyinyi." Mwalimu naye, bila ya sisi kushauriana, alianza ya kwake kwa masalkheri, na kwamba watu wa Tudor hawajambo.

Nairobi wakasoma mistari ya kwanza. Wakatupa kijani sote wawili. Mashua na mablanketi, yote ya kubuni, yakapelekwa Kilifi, ambako mstari wa kwanza ulitaja shida.

Tulipokutana baadaye kwa Mkuu, mzee yule alikuwa ameshika kipaji cha uso kwa mikono miwili.

"Maji imefika dirisha," alisema, "na wewe unaandika salama?"

"Ile ni salamu tu, Mkuu."

"Salamu itakupeleka ghorofani?"

Mwalimu akaingilia, tayari anacheka. "Mzee wangu, mtu hamvamii mwenziwe kwa shida hivi hivi. Hata hujamuuliza hali! Ni utovu wa adabu."

"Basi mtakufa na adabu yenu," akasema Mkuu. "Watu wa Kilifi watakuja mazishi na mablanketi yenu."

Tulicheka mpaka mwalimu akatafuta leso. Nilikuwa bado nacheka nikikata vichochoro kurudi Bondeni, nikimsimulia mke wangu kichwani, kama nifanyavyo kila siku, maana nusu ya maneno yangu ya mchana huwa ni yake na hayamfikii. Nilikuwa nimefika mahali pa Nairobi kutupa kijani, kicheko kikakatika. Kule Maskati nako kulikuwa na mtu aliyekuwa akisoma mstari wangu wa kwanza kila siku, na kila siku mstari ulikuwa mmoja. Nilisimama penye duka la viatu nisilokuwa na haja nalo. Mwenye duka aliniuliza nambari ya mguu wangu, nikaondoka bila kumjibu.

Ungesema nimpigie simu siku ile ile nimwambie. Nilimpigia. Akaniuliza habari za huko, na mdomo wangu ukasema salama kabla sijauambia kitu.

Zoezi la pili Mkuu alilipeleka bustani ya Mama Ngina, ufukweni, Jumapili mchana, ili tuzoee kufanya kazi nje na betri ya gari. Tuliegemeza mlingoti kwenye uzio upande wa bahari, tukaweka kompyuta juu ya meza ya plastiki. Muuza mihogo alisogeza karai lake la mafuta mbali na waya wetu, kwa hasira, kisha akasogea mwenyewe aone. Watu wakazunguka. Mmoja aliuliza kama tunaandikisha wapiga kura. Bibi mmoja alitaka tumrekebishie televisheni.

Mkuu alikuwa na kanuni mpya. Hakuna salamu. Mstari wa kwanza useme unachokosa, basi. Na safari hii, mbali na ripoti, kila mmoja amwandikie mtu wake aliye nje ya nchi, maana watu wa nje ndio watakaokuwa na roho juu siku ya siku. Simu zote zikatiwa kwenye kikapu cha mwalimu mpaka zoezi lishe.

Mwalimu alimwandikia dadake wa London kwamba anakosa maji safi na dawa ya presha. Zamu yangu ikafika. Nikaandika, "Mke wangu, salamu nyingi zikufikie popote ulipo."

"Futa," akasema Mkuu nyuma ya bega langu.

Nikafuta. Kiashirio cha kompyuta kikawa kinapepesa mahali patupu. Mihogo ilikuwa ikichachatika kwenye mafuta, na meli kubwa ilikuwa ikiingia Kilindini pole pole, ikiwa imejaa makontena. Nilijaribu kufikiria ninachokosa ambacho kinaingia katika zoezi. Maji. Mafuta ya taa. Tangi langu la maji lilikuwa limejaa. Nikaandika:

"Nakukosa wewe. Usiongeze mkataba, rudi. Nyumba kavu, chakula kipo, mimi si salama."

Mkuu alikuwa anasoma, nilimsikia akipumua. Nilidhani atasema hii si namna ya kuandika ujumbe wa dharura. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha.

"Tuma," akasema.

Redio ikaanza kusukutua. Nilijuta palepale, kisha nikaogopa kwamba haitafika, kisha nikaomba isifike. Ilifika. Programu ikatoa maneno yake makavu kwamba ujumbe umepokelewa na kituo cha mbali, na mwalimu, ambaye hakuwa ameusoma, akanipigia makofi.

Dada wa London alijibu upesi kwamba ametishika na tusirudie mchezo huo. Wangu kimya. Tukaita tena, hakuna. Alikuwa zamu, nilijua, Jumapili kwao ni siku ya kazi. Nilinunua mihogo, nikaitia ndimu na pilipili, nikasahau kuila. Mwalimu akaanza kukunja waya wa akiba. Nilimwomba Mkuu tuite mara moja tena, naye hakuniuliza kwa nini.

Safari hii palikuwa na kitu. Kilikuja kwa kukwamakwama, kikafika nusu kikasimama, mawimbi ya redio yakafifia, yakarudi. Sikuwa najua kama nimeshika ukingo wa meza mpaka muuza mihogo aliponiambia nitaivunja.

Hakukuwa na salamu.

"Nilitia saini Alhamisi. Kila nikikuuliza unanambia salama, nikadhani umezoea kukaa bila yangu. Nami nataka kurudi tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nangoja uniite."

Nilisoma mara moja tu. Alhamisi ile nilikuwa Ganjoni nikitia gesi friji ya mtu, siku ya kawaida, nimepiga miluzi kutwa. Nilitamani niing'oe siku ile.

Mkuu aliuliza, kwa ajili ya kumbukumbu zake za zoezi, kama jibu limefika. Nikasema limefika. Akanitazama usoni, akamgeukia mwalimu.

"Mpe simu yake."

"Zoezi halijesha, Mkuu," akasema mwalimu.

"Mpe."

Nilikwenda ukingoni, mbali na watu, nikapiga. Ilipokelewa kabla haijalia vizuri. Nilisikia kiyoyozi cha chumba chake, na kitasa cha mlango kikifungwa, na yeye akikaa juu ya kitanda ambacho sijawahi kukiona. Hatukujua pa kuanzia. Tulikaa hivyo, simu sikioni, kila mmoja anamsikia mwenziwe anavuta pumzi, na mimi sikumbuki kumpenda mtu namna ile maishani mwangu. Kisha nikamsikia analia. Kwa desturi yangu ningemwambia basi, usilie, huku kila kitu kiko sawa. Nilimwacha alie. Nami nikalia, nimeipa mgongo Mama Ngina yote.

Alisema ameshauliza, mkataba haurudishwi nyuma. Nikamwambia najua. Akataka nimweleze nilivyokula siku ile, nikamweleza habari za mihogo, na za mahamri ya watu wawili, na za ndara, mambo ambayo kwa miaka miwili sikuyaona kuwa ni habari. Naye akanambia kwamba kule hulala upande mmoja wa kitanda, wa kwangu huuacha.

"Miaka miwili mingine," akasema mwishowe. "Utaweza?"

"Siwezi," nikamwambia. "Lakini nitakungoja."