Mbuzi wa Gachau

Mama Wanja ana bucha hapa Ruiru, mkabala na meza yangu ya mboga. Kisu anakishika mwenyewe. Wanaume waliokuwa na maneno kuhusu mwanamke kuchinja walichoka zamani, na nyama yake bado wanaila. Mwenye sherehe humletea mbuzi wake, naye humchinja na kumchoma uani, penye meza ndefu.

Jumamosi iliyopita walikuja wazee wanne na mbuzi mweusi. Aliyemtoa ni Gachau. Huyu Gachau anauza gesi, na miezi minne iliyopita alimfungia Kui dukani kwake, saa nane mchana, akambaka. Kui ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo huko Juja. Alikuwa amepeleka mtungi wa mama yake kujazwa. Kesi ilikuwa isikizwe Jumatatu.

Tangu siku aliyobakwa nimesikia maswali hapa mezani mpaka nikatamani kumpiga mtu na kabeji. Mbona alienda mwenyewe? Mbona hakupiga simu aletewe? Angeletewa, wangeuliza mbona alifungua mlango. Sketi nayo ilijadiliwa na watu ambao hawakuiona. Wala sikusikia hata mmoja akimuuliza Gachau mbona alifunga duka mchana.

Sasa wazee walitaka mambo yaishie nyumbani: nyama iliwe, Kui atie sahihi barua ya kuondoa kesi. Babake, Mzee Kagwe, alikuwa amekubali. Alikuwa anaona aibu, lakini mimi sikumhurumia.

"Mama Wanja, chinja haraka, tuko na njaa," mzee mmoja alisema.

Mama Wanja alimwangalia Kui, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza, kalamu mbele yake.

"Kui, mami, wewe unataka hii maneno iishe hivi?"

"Ameshakubali," akasema Mzee Kagwe.

"Sijakuuliza wewe, Baba Kui."

Kui akatikisa kichwa. "Sitaki, Anti. Hakuna mtu ameniuliza."

"Si naye alijipeleka?" yule mwenye njaa akanung'unika.

"Alijipeleka kununua gesi!" Mama Wanja alipiga meza mpaka kalamu ikaanguka. "Na wewe umejipeleka kwa bucha yangu. Nikikukata na hii kisu, watu waseme ulijitakia?"

Mzee akasogeza kiti nyuma kidogo.

Mama Wanja akaweka kisu chini, akafungua kamba ya mbuzi na kumvuta nayo, akachukua barua, akamshika Kui mkono. Mimi niliacha sukuma wiki zangu bila mtu nikawafuata hadi kituo cha polisi. Mzee Kagwe alitufuata hadi kwenye kona, akasimama hapo.

Afisa wa kaunta alimtazama mbuzi, kisha aproni ya Mama Wanja.

"Mama, huyu amefanya nini?"

"Huyu hana makosa. Ameletwa ili kesi ya huyu msichana ifutwe. Barua waliyotaka atie sahihi ndiyo hii."

Afisa aliisoma barua mara mbili, akafungua kitabu chake.

"Mbuzi ni wa nani?"

"Wa Gachau."

"Sasa huyo Gachau alikuwa anatafuta nini kwa huyu msichana?"

Kui alishika ukingo wa kaunta. Kwa miezi minne ameulizwa yeye alienda kutafuta nini kwa Gachau: na majirani, na shangazi zake, na babake mwenyewe.

"Rudia hilo swali, afande," alisema, machozi yakimtoka. "Halafu uliandike."