Unga Ulikubali, Mtoto Akakataa

Nilipokuwa mtoto, kabla sijaanza shule, kwetu Lupaso hapakuwa na safari ya familia bila unga. Jioni ya kuamkia safari, bibi mzaa baba alikwenda kwenye mti wa msolo ulio nyuma ya nyumba, akamimina unga wa mtama chini ya shina hadi ukachongoka kama kichuguu, akawatajia marehemu wetu tunakokwenda, kisha akaufunika kwa bakuli. Asubuhi ukikutwa umesimama, tunakwenda. Ukiwa umebomoka, tunabaki. Baba alikuwa mwalimu wa kanisa na mambo hayo hakuyapenda, lakini sikumbuki hata mara moja akiondoka kabla bakuli halijafunuliwa.

Asubuhi ya safari ya Kitangari, kumwona mtoto mchanga wa mama mdogo, unga ulikuwa umesimama vizuri. Aliyekataa nilikuwa mimi. Nilikumbatia nguzo ya baraza nikasema siendi.

"Mume wangu," bibi akaniuliza, "umeona nini?"

Nikazidi kuikumbatia nguzo.

"Ameona uvivu," baba akasema. "Mama, gari halitungoji."

"Unga umekubali, lakini mtoto amekataa. Mtoto mdogo anasikia tusichosikia sisi. Msimburute."

"Basi ubaki naye, akupikie ugali."

Mama alicheka. Baba akanibandua kwenye nguzo, akanipakia mabegani. Bibi alisimama barazani akitutazama, mkono wake pale pale nilipokuwa nimeshika.

Kitangari nilifurahi. Nilikula mabibo hadi koo likawasha, nikafuatana na binamu zangu kuteka maji, nikasahau kwamba nilikataa kuja. Kisha jirani yetu wa Lupaso akashuka kwenye lori, akamwita baba pembeni. Bibi alikuwa amefariki.

Msibani wazee walinishika kichwa. Huyu ndiye aliyejua, walisema. Tangu hapo, kabla ya kila safari, shangazi aliuliza, "Miguu ya bwana mkubwa inasemaje?" Sikumwambia kwamba siku ile nilikuwa nimevalishwa viatu vipya vya plastiki, na kimoja kilikuwa kinanichubua kisigino.

Niliyekuja kumwambia ni mke wangu, Mama Neema. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaurithi mzaha wa shangazi. Kila nilipotoka nyumbani kwetu Newala aliiulizia miguu yangu. Hata asubuhi ile ya mwisho, akiwa amejilaza na homa ambayo wote wawili tuliiona ndogo.

"Miguu inasemaje, Baba Neema?"

"Inakwenda tu."

Nikaenda Masasi kikazi. Njiani sikuhisi chochote, si miguuni, si moyoni. Alasiri nikapigiwa simu nirudi. Nilipofika, majirani walikuwa wameshatandika mikeka uani.

Nimesoma chuo kikuu. Najua kwamba mambo mawili yanaweza kufuatana bila moja kulivuta jingine, na darasani nimelifundisha hilo. Siku ya bibi sikujua kitu, kwa hiyo hakuna sababu ningejua siku ya mke wangu. Hoja hiyo naikubali yote. Hainisaidii.

Jumapili iliyopita nilitaka kumpeleka Neema Lupaso, tulikomzika mama yake. Ana miaka minne. Nilikuwa nimeshafunga begi alipong'ang'ania mlango na kusema haendi. Nilichuchumaa, nikamvua viatu, kimoja baada ya kingine, nikamtazama miguu. Visigino vilikuwa vizima, havina hata mkwaruzo.

Sikumuuliza ameona nini. Nilirudisha viatu chini ya kitanda na begi nikaliingiza ndani, tukashinda nyumbani.

Labda hakutaka tu kwenda mahali ambapo mama yake hatatoka kumpokea. Hiyo ni sababu tosha, haihitaji unga wala mizimu. Lakini mchana ule wote nilikaa karibu naye, nikisikiliza pumzi yake alipolala, nikamgusa paji la uso kila mara. Halikuwa na joto. Safari hii kulikuwa na aliyekataa, na mimi nilikuwepo.