Pikapu Tupu Haina Huruma

Katika siku zote ninazozikumbuka, mwanangu, hakuna inayonijia wazi kama siku moja ya msimu wa kahawa, siku uliyopelekwa Mbinga kwa pikapu kabla hujazaliwa.

Nakuita mwanangu ingawa mimi ni shangazi yako na bado nasoma kidato cha tatu. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, hata kama wewe mwenyewe ungali unavaa sare ya shule. Mdomoni maneno hayanitoki vizuri. Watu wakizidi watatu, mimi natazama vidole vya miguu yangu. Kwa hiyo nayaweka kwenye daftari hili, utayasoma ukikua.

Mama yako, wifi yangu Skola, alishikwa na uchungu alfajiri. Mkunga wa hapa kwetu Matiri alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, kisha akasema mtoto amekingama tumboni, apelekwe hospitali haraka, la sivyo tutawapoteza wote wawili. Baba yako alikuwa Songea. Gari lililokuwepo kijijini ni moja tu, pikapu ya mnunuzi wa kahawa, mmoja wa hawa watu binafsi waliomiminika tangu serikali iruhusu kahawa isiuzwe kwa chama cha ushirika peke yake. Dereva wake alikuwa binamu yetu Deo.

Pikapu yenyewe, mwanangu, ilikuwa ya kutisha kwa uzuri. Imeinuka juu, matairi yana meno kama ya mamba, inapanda vilima vyetu hata wakati wa tope. Watu walikuwa wanaigusa tu wapite. Siku ile nyuma ilikuwa na magunia ya kahawa, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilisema magunia yashushwe, gari liwe jepesi, wifi asiumie. Mimi, nisiyeongea, nilisema mbele ya watu! Kwa kuwa ndiye msichana pekee wa ukoo aliyefika sekondari, hakuna aliyebisha. Deo alijikuna kichwa, nadhani alitaka kusema neno, kisha akasema, "Haya, msomi kasema." Magunia yakashushwa. Godoro nikalitandika mimi mwenyewe nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi, ili wifi apate hewa. Nilijisikia mtu mzima.

Hatujafika mbali nikaanza kujuta. Kila shimo lilimtupa mama yako juu na kumrudisha chini kwa kishindo. Deo akikimbia tunarushwa, akienda pole tunatikiswa meno. Wifi aliuma khanga yake hadi ikatoboka. Mwishowe akanishika mkono akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, mwambie Deo asimame. Nitafia humu."

Nikagonga paa la kibanda cha dereva. Deo akapunguza mwendo, lakini aliyetusimamisha hasa ni Mzee Kapinga, ambaye nyumba yake iko kando ya barabara. Huyu mzee aliendesha malori ya chama miaka mingi mpaka alipostaafu. Tena kijiji kizima kilijua ameapa kwamba kahawa yake haitapanda gari la mlanguzi, maana hivyo ndivyo anavyowaita wanunuzi binafsi. Alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja, akaiacha, akaja kusimama katikati ya njia na mkono juu.

Tulimwamkia. Akaitikia marahaba huku ameshainama anatazama springi. Akaweka viganja viwili kwenye bodi, akalikandamiza kwa uzito wake wote. Halikubonyea hata kidogo.

"Nilisikia debe tupu linakuja tangu kule juu," alisema. "Nani kashusha mzigo?"

Deo alinitazama. Mimi nikatazama chini. Nakwambia ukweli, mwanangu, kwa muda nilitamani lawama imwangukie Deo. Mama yako akaguna kwa uchungu, na ule mguno ndio ulionifungua kinywa.

"Ni mimi, babu. Nilitaka liwe jepesi."

"Umelihurumia gari, ukamsahau mgonjwa. Springi hizi zimefanywa zibebe tani. Zikikosa cha kubeba, zinampiga aliye juu yake. Na dereva si huyu hapa? Kwa nini hukumwuliza?"

Hakungoja nijibu. Aliingia ghalani akatoka na gunia la kahawa begani, yeye mwenyewe, na umri ule. Deo akamkimbilia. Tulipakia magunia yake kumi na mawili, mengine usawa wa ekseli ya magurudumu ya nyuma, mengine kuzunguka kama ukuta. Godoro akalisogeza mbele, likaegemea kibanda, akisema nyuma ya tairi ni mahali pa mbuzi. Kisha akachukua kijiti, akapunguza upepo kila tairi, anasikiliza sauti yake kama daktari. Akapanda na sisi.

Mwanangu, lilikuwa gari jingine. Mashimo yalikuwa yale yale, lakini sasa pikapu ilizama na kuinuka taratibu, kama mtu anayebembeleza. Wifi aliachia khanga yake. Kabla ya Mbinga alifumba macho, na nilipoogopa nikamgusa, akaniambia niache kumsumbua, anapumzika.

Hospitali walimpokea wakampeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Tulisubiri uani, Mzee Kapinga na rozari yake, Deo anazunguka gari. Kisha tukakusikia. Ulilia, mwanangu, kama mtu aliyeonewa! Muuguzi akatoka akasema wote wawili wazima. Nilipiga kigelegele. Mimi. Wagonjwa walichungulia madirishani.

Deo hakukosa la kusema. "Babu, leo kahawa yako imepanda gari la mlanguzi."

"Imepanda kama uzito," mzee akajibu. "Haijauzwa. Washa gari, tuipeleke chama."

Na ikapelekwa chama kwa gari la mlanguzi, Deo anapiga honi mji mzima.

Sasa sikia. Wepesi si huruma kila mara. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, na aliye nje ya maumivu hupenda kuagiza. Kabla hujampunguzia mtu chochote, mwulize anayejua njia, maana kuuliza si ujinga, hata ukiwa umesoma kuliko wote waliopo. Ukikosea, jitaje upesi. Mgonjwa hawezi kungoja haya zako. Na ukipewa la kubeba, usilikimbie kabla hujajua linakusaidia nini.

Mungu akujalie mabega ya kutosha, mwanangu, na wazee watakaosimama katikati ya njia yako. Ukue, umzike shangazi yako akiwa mzee sana. Amina.