Onyesha Mguu, Koplo

Wenzangu mliotoka jeshini, nawasalimu nikiwa nimechoka lakini nimesimama.

Nilifika Nairobi juu ya lori la ng'ombe kutoka Moyale. Nilikuwa nimejifunga kamba kwenye vyuma vya juu, mguu wangu wa bandia nimeukumbatia kama mtoto. Chini yangu ng'ombe walikanyagana. Nilishukuru harufu yao, maana ilifunika yangu.

Sikujua kukaa mahali. Kabla ya jeshi nilikuwa utingo wa malori, na jeshi likaniongezea barabara: Isiolo, Garissa, kisha ng'ambo ya mpaka. Mpaka leo natamani zile asubuhi, chai ya moshi, wenzangu wakifunga buti huku wakitukanana. Huko ng'ambo gari letu lilikanyaga bomu. Mguu wa kushoto ukaishia chini ya goti.

Nikapewa wa bandia, nikastaafu, nikaanza kuzurura, kazi hapa, kazi pale. Miaka ikapita. Mguu ukalegea, kigutu kikachubuka. Nikanyamaza. Mnajua kambini mwenye malengelenge huitwa mtegeaji. Nilifunga kitambaa nikaendelea, hadi usaha ukaanza kutoka na homa ikaniangusha huko Moyale.

Rafiki wa zamani akawapigia simu wajane wa wanajeshi. Kikundi chao huchangia matibabu yetu, na kila mgonjwa hulazwa nyumbani kwa mmoja wao. Nilipoteremka kwenye lile lori nilipelekwa mtaa wa Ziwani kwa Mama Nekesa, mama wa Bungoma mwenye sauti nzito, umri wa mama yangu.

Daktari alikibonyeza kigutu. "Goti bado ni lako," alisema. "Kidonda kisipofunga, tutakata juu yake. Utatembea, lakini si mbali."

Si mbali. Maneno hayo yalinitisha kuliko lile bomu.

Kidonda kilioshwa kila siku, kikafunga. Nikapewa mguu mpya, nikaambiwa nitembee ndani ya nyumba tu kwanza. Siku hiyohiyo nikaenda mpaka Soko la Burma.

"Niaje afande!" mchoma nyama mmoja aliniita. "Mguu umeacha wapi?"

"Umetangulia. Umesema uniwekee supu."

Walicheka, nami nikacheka, huku nahisi unyevu ndani ya soksi za kigutu. Ilikuwa damu. Nilizificha soksi chini ya godoro. Kesho yake nikatembea tena.

Mama Nekesa alizipata akitandika.

"Koplo, hii nini?"

"Ni kidogo tu, Mama."

Akakaa kitandani. "Mume wangu pia alisema ni kidogo tu. Alikuwa akijifungia bafuni akohoe nisisikie. Nilizika kifua ambacho sikuwahi kuonyeshwa."

Nilizichukua zile soksi mkononi mwake.

"Kambini nani alikuwa anawakagua miguu?"

"Kamanda wa platuni. Baada ya kila matembezi."

"Basi kamanda ni mimi. Hakuna chai kabla ya ukaguzi."

Nikarudi kwenye magongo. Kila asubuhi alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akawasha tochi ya simu. "Onyesha mguu, koplo." Alinusa, akabonyeza, akageuza. Nilichoshwa na tochi ile. Nilichoshwa na dirisha, na nguo za majirani kwenye kamba, na honi za malori yaliyokwenda bila mimi. Kidonda kilifunga polepole, kama mtu asiyetaka kuamka. Siku daktari aliposema goti limebaki, sikushangilia. Nililala.

Kisha nikapata kazi ya kulinda ghala Maralal. Asubuhi ya kuondoka, begi likiwa mgongoni, nilivua mguu kabla sijaambiwa.

"Umepita," alisema. Lakini alikuwa amesimama upande, vidole vya mguu mmoja havigusi sakafu.

"Sasa wewe, Mama."

"Mimi si askari."

"Hakuna chai kabla ya ukaguzi."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa, akavua soksi. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cheusi, amekishindilia pamba.

"Ni kidogo tu," alisema. Tukatazamana.

Basi langu liliondoka bila mimi. Tulienda zahanati, yeye ameegemea bega langu, mimi nimeegemea goti langu. Alipimwa sukari, ilikuwa juu. Muuguzi alikiosha kidonda, akasema, "Huu mguu utapona. Ungekawia, tungeongea mengine."

Nawashukuru wale wajane, na Mungu aliyenipeleka kwao. Ushauri wangu ni mfupi. Aliyetoka vitani usimwulize kama yuko sawa. Atakwambia yuko sawa. Mwambie avue kiatu. Na anayekuuguza naye, mwambie avue.

Jioni hiyo wajane wenzake walikuja kukaa na Mama Nekesa, nami nikaondoka Ziwani kwenda kupanda basi la usiku. Kwenye kona niligeuka. Mama Nekesa alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja. Mbele ya majirani wote aliinua ule mguu wenye bendeji nyeupe, akaushikilia juu, mpaka nilipomwonyesha kwa mkono kwamba nimeuona.