Karatasi Niliyomdai Mama Bura

Sauti ambayo haijanitoka masikioni ni ya gurudumu la mkokoteni wa mbao, kavu, halina grisi, likilia kila linapozunguka huku likitoka getini kwetu.

Ndugu wasomaji, nimemwomba mhariri wa ukurasa huu alifiche jina langu. Nina miaka ishirini na mitatu. Nilimaliza kidato cha sita, kisha nikasomea unesi, na nimekuwa nikifanya kazi katika zahanati ya shirika la misaada hapa Babati. Hali ya mji wetu mnaijua. Sukari na sabuni ni kwa foleni, na genge la vijana wa mapanga limetushika: wanavamia maduka mchana, wanakata watu sokoni. Majeruhi wengi wanakimbizwa kwetu kwa sababu daktari wetu, ambaye ni mgeni, ana sharti moja: aliyekatwa atibiwe kwanza, awe mwizi au aliyeibiwa. Kwingine huguswi bila fomu ya polisi, PF3. Kwetu haiulizwi.

Genge hilo lilimkata kaka yangu mkono. Wiki mbili baadaye, asubuhi, Mama Bura wa Nangara alimleta mwanawe juu ya mkokoteni, akisukuma mwenyewe. Kijana alikuwa amekatwa panga pajani. Nilimtambua. Niliwahi kumwona stendi amekaa na wale vijana, wanacheka. Kama alikuwa mwenzao au alicheka kwa kuwaogopa, mpaka leo sijui. Daktari alikuwa ndani akimshona mtu. Mapokezi yalikuwa mikononi mwangu.

Mama yule, rika la mama yangu mzazi, akanipa shikamoo. Nami nikaitikia, "Marahaba."

"Nesi, nisaidie, damu haikatiki."

"Una karatasi ya serikali?"

"Karatasi gani, mwanangu?"

"Ya serikali. Bila hiyo hatumgusi."

Mlinzi alinisogelea. "Dada, si daktari alisema hawa wasirudishwe?"

"Wewe linda geti lako."

Sikutaja PF3. Sikutaja polisi. Sikutaka kumrahisishia. Na kwa kuwa siku hizi karatasi inayodaiwa kila mahali ni ya balozi wa nyumba kumi, hata ukitaka kilo ya sukari, akageuza mkokoteni kuelekea kwa balozi wake. Alirudi na barua yenye mhuri, ikisema Bura ni mkazi halali na tabia yake ni njema. Bura alikuwa ameshakata roho.

Daktari aliponiuliza, nilisema, "Wamechelewa kufika." Mlinzi aliangalia chini.

Nilidhani nitaweza kuishi na hilo. Lakini mji ulijitungia maelezo yake: Mama Bura alitumwa polisi, akaenda kwa balozi. Mwezi uliopita, kwenye mashine ya kusaga, mwanamke mmoja alimwambia binti yake, "Nikikutuma unga usiniletee pumba, ukawa kama Mama Bura na karatasi yake!" Watu wakacheka. Mama Bura alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo na debe lake la mahindi. Hakukasirika.

"Ni kweli," alisema. "Mimi sikusoma. Mtu aliyesoma angejua."

Mimi niliyesoma nilikuwa nyuma yake, na nikanyamaza.

Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara ilimalizikia kwa kuwaomba mnishauri nifanye nini. Nimelifuta ombi hilo. Nilikuwa natafuta mtu mmoja kati yenu aniambie yaliyopita yamepita, nikae kimya.

Jumamosi nilimweleza daktari kila kitu. Amenisimamisha kazi. Jumapili baada ya ibada nilikwenda Nangara, nikamwambia Mama Bura kwamba zahanati yetu haikuhitaji karatasi yoyote, ya balozi wala ya polisi, kwamba hakukosea, kwamba nilimwona mwanawe nikataka ateseke kidogo.

Hakulia. Alisema, "Kaa hapo," akatoka. Nilidhani amekwenda kuwaita sungusungu. Alirudi na majirani, balozi akiwemo, na yule mwanamke wa mashineni. Walipokwisha kujaa uani, akanigeukia.

"Haya. Sema tena."

Nikasimama, nikasema tena, yote.