Wimbo Niliouchukua Lweba

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumapili moja pale mjini Baraka, kando ya ziwa. Watu wote ukumbini walinipigia makofi, na kabla jua halijashuka upande wa milima nilikuwa natamani ardhi inimeze.

Nitakusimulia bila kupunguza. Najua mkinisikia nikipandisha sauti siku hizi mnaambiana, "Mzee amekasirika tena." Ndiyo, nimekasirika. Nimewakasirikia ninyi, na nilianza kujikasirikia mwenyewe kabla hamjazaliwa, kwa hiyo ninajua ninachosema.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Gitaa langu nililitengeneza kwa bidoni la mafuta, na nyuzi zake nilizichambua kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Ukumbi wetu ulikuwa sale ndogo ya paruasi, mali ya kanisa, yenye mabenchi ya mbao na madirisha yasiyo na vioo. Kila Jumapili mchana, misa ikiisha na watu wakishakula, Mzee Etabo aliufungua. Huyo Mzee Etabo alikuwa mpiga likembe, kile chombo kidogo cha vyuma kinachochezwa kwa vidole gumba, na yeye ndiye aliyepanga nani apige kwanza na nani amfuate. Hakukuwa na spika wala mikrofoni. Mvuvi aliyeshinda ziwani wiki nzima alikaa na mama aliyetoka shambani, wakanyamaza, kwa sababu bila kunyamaza usingesikia kitu.

Kupiga gitaa nilikuwa najua, tena vizuri. Nilichokosa ni wimbo wangu. Nilikuwa naiga za redioni, na watu walinisikiliza kwa adabu tu, kama unavyomsikiliza mtoto anayesoma barua ya mtu mwingine. Hilo liliniuma. Nilitaka wainuke, wacheze, waulize jina langu.

Msimu mmoja wa kupalilia, baba alinituma Lweba kwa shangazi yangu, dada yake. Shangazi alikuwa na shamba la mihogo juu kidogo ya ziwa, na miaka ile wakimbizi wa kutoka Burundi walikuwa wamevuka kwa wingi, wengine wakipata kazi ya kulima kwenye mashamba ya wenyeji. Kwa shangazi alikuwapo mama mmoja wa Kirundi. Shangazi alimwita "ule mama wa Burundi." Mimi nilimwita hivyohivyo. Nilikaa pale wiki mbili, nikala chakula alichopika, na sikumuuliza jina lake hata mara moja. Nikikumbuka hilo, hata leo nasikia joto usoni.

Mama huyo aliimba akilima, kwa Kirundi, kwa sauti ya chini. Alikuwa na wimbo mmoja aliourudia asubuhi na jioni. Ulianza juu, ukashuka polepole, kisha ukasimama kwenye neno moja, "Kaneza," ukakaa hapo mpaka pumzi ikaisha. Sikushika neno lolote isipokuwa hilo, na hata hilo sikulielewa. Nilisikia tu kwamba ni tamu. Nilikaa kando ya njia na gitaa langu, nikijifanya nakaza nyuzi, na kwa siku tatu niliushika wimbo wote. Yeye aliniona. Aliinua macho, akanitazama kidogo, akaendelea kulima. Labda alifikiri ninamsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtu.

Niliporudi Baraka niliuongezea mwendo. Pale ulipokuwa unashuka polepole, mimi niliurusha. Maneno ya Kirundi niliyatupa, nikaweka yangu, na lile neno Kaneza nililiacha kwa sababu lilikaa vizuri mdomoni. Nikalifanya jina la msichana. "Kaneza chérie, kuja tucheze, Kaneza usinikatalie." Hayo ndiyo maneno niliyoyatunga, mwanangu, na niliyaonea fahari.

Jumapili ya kwanza nilipoupiga, mabenchi yalisukumwa ukutani. Jumapili ya pili watu walikuwa wameshaujua, wakaimba pamoja nami. Nikitembea sokoni, wasichana waliniita Kaneza. Mzee Etabo aliniuliza, "Hii wimbo uliitoa wapi?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Mzee, ilikuja yenyewe kwa kichwa." Alinitazama, akarudi kwenye likembe yake.

Jumapili ya tatu shangazi alikuja Baraka na mihogo ya soko, na ule mama alimsaidia kubeba. Mimi sikujua. Nilikuwa nimesimama mbele, jasho linanitoka, watu wanacheza, wanapiga makofi kwa kufuata mwendo. Nikafika kwenye Kaneza, na ukumbi wote ukaitikia, "Kaneza!"

Mlangoni akaingia mwanamke mwenye kikapu kichwani. Alikitua chini taratibu, mihogo isimwagike, akaja moja kwa moja katikati ya wachezaji. Watu walimpisha wakidhani anataka kucheza. Alifika mbele yangu, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi za gitaa langu, na sauti ikakatika.

Makofi yaliendelea kidogo, kisha nayo yakafa.

"Nani alikupa hii jina?" aliniuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia shambani, kizito lakini wazi.

Nilivuta gitaa nyuma; kiganja chake hakikuondoka.

"Kaneza ni mutoto yangu," alisema. "Alikuwaka na miaka ine. Tulivuka ziwa, mutumbwi ikajaa watu, maji ikaingia. Nilimushika hapa." Akashika mkono wake mwenyewe, juu ya kifundo. "Nilimushika hapa, akaponyoka. Sikumuzika. Kaburi yake haiko. Iko tu hii wimbo."

Aligeuka akawatazama watu, na hakuna aliyeweza kumrudishia macho.

"Mulicheza juu ya mutoto yangu," alisema. Halafu akanigeukia tena. "Na weye ulikula kwangu wiki mbili. Hukuniuliza jina. Miye njo Mama Kaneza."

Akabeba kikapu chake akatoka.

Unafikiri niliona haya? Bado, mwanangu. Haya ilikuja baadaye. Kilichonijia kwanza ni hasira, ile hasira ya mtu aliyekamatwa. Mzee Etabo aliwaambia watu waende nyumbani, akabaki na mimi kwenye mabenchi matupu, na mimi nikaanza kujitetea kabla hajafungua mdomo.

"Mzee, mi sikujua maana yake. Na yeye aliimba kwa njia, kila muntu alikuwa anasikia. Wimbo ya kuimba kwa njia iko ya nani?"

Mzee Etabo hakuwa mtu wa kugomba. Siku hiyo aligomba.

"Hukujua maana. Sawa. Lakini ulijua iko mama wa Burundi?"

"Ndiyo."

"Kama angekuwa bibi ya chef wa kijiji, ungechukua wimbo yake bila kumuuliza?"

Nilikwangua ubao wa benchi kwa ukucha.

"Kama angekuwa mama yako mukubwa?"

Nikalisukuma gitaa chini ya benchi.

"Basi ulijua," alisema. "Ulijua kama huyu hana muntu wa kumusemea. Njo maana ulichukua. Usiniambie hukujua."

Mwanangu, nimeonywa mara nyingi maishani. Nimepigwa na baba, nimefukuzwa shule. Hakuna aliyewahi kunivua nguo namna ile. Kwa sababu ilikuwa kweli. Mahali fulani ndani yangu nilikuwa nimeshapima kwamba mkimbizi hawezi kuja kudai, na nikaita kipimo hicho kipaji.

"Hutapiga tena hapa," Mzee Etabo alimaliza, "mupaka ule mama aseme."

Nilikwenda Lweba kesho yake. Nilimkuta shambani, ameinama, jembe linapanda na kushuka. Nilisimama mbele yake nikasema yale niliyoyapanga njiani, mengi na mazuri. Hakuacha kulima. Nilipomaliza akasema, bila kuniangalia, "Sasa nikiimba, ninasikia batu banapiga mikono."

Nilimwambia nitaacha kuuimba.

"Weye utaacha. Bale bengine je?"

Shangazi aliniambia baadaye kwamba mama yule hakuimba tena shambani. Alilima kimya. Fikiria hilo, maana nimewasikia mkisema wimbo ukichukuliwa haupungui. Mtu alipoteza mtoto ziwani, akabaki na kitu kimoja tu cha kumkumbuka, na mimi niliingia moyoni mwake nikakichafua kwa sababu nilitaka wasichana waniangalie.

Jambo moja aliniagiza kabla sijaondoka. "Ukisikia muntu anaimba, umwambie jina ni ya nani." Nimelifanya. Nimesimama kwenye harusi nikawaambia wanamuziki, wakanicheka, wakaniambia, "Papa, kaa chini, usiharibu sherehe." Nimewaambia vijana kwenye njia ya Lulimba waliokuwa wanauimba wakienda kuchimba dhahabu. Wengine waliacha. Wengi hawakuacha. Wimbo nilioufungua mimi ulikuwa umeshaenda mbali kuliko miguu yangu.

Miezi mingi ilipita kabla ya Mama Kaneza kumtuma shangazi kwa Mzee Etabo. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sitamsingizia maneno ambayo hakuyasema. Alisema, "Apige. Lakini apige ya kwake." Basi nikarudi ukumbini na nyimbo zangu mwenyewe, na za kwanza zilikuwa mbaya, kwa kweli zilikuwa mbaya sana. Watu walikohoa. Mzee Etabo alikaa benchi la mbele akazisikiliza zote mpaka mwisho. Miaka ilipofika ya watu kurudi Burundi, Mama Kaneza alirudi nao. Sikuwahi kumwona tena.

Sasa utaniuliza kwa nini nakwambia leo. Nakwambia kwa sababu mwezi uliopita nilikuwa ndani ya ukumbi ule mnaoupenda, pale mtaani kwetu, wenye viti vya plastiki na bati linalovuja. Nawasifu kwa kuufungua. Nawasifu kwa kukataa spika. Nilifurahi kama mtoto nilipomwona Mzee Bigirimana, mkimbizi wa miaka hii, amekaa pale mbele na inanga yake, ala ya nyuzi ya Kirundi, magotini, ananong'oneza wimbo wake huku vidole vinatembea juu ya nyuzi. Nusu yenu mlifunga macho. Nusu ya pili mliinua simu.

Alhamisi iliyofuata nilipanda moto, hii pikipiki ya kukodi, kwenda hospitali, na kutoka kwenye kiredio cha dereva, kile cha kadi, nikasikia sauti ya Mzee Bigirimana imefungwa ndani ya ngoma za kompyuta, imekatwakatwa, na kijana fulani anapiga kelele jina lake mwenyewe juu yake. Nilimwambia dereva asimame. Nikashuka nikatembea kwa miguu, na goti hili unalijua lilivyo.

Nilimtafuta kijana huyo. Nikamuuliza, "Ulimuomba mzee?"

"Papa, batu beko banaipenda," akanijibu. "Na hii ni ya asili. Haina mwenyewe."

Haina mwenyewe! Mwenyewe alikuwa amekaa mbele yako, ana koti la kijivu, amekohoa mara mbili kabla ya kuanza, na umempa maji kwa mkono wako! Mnawezaje kumtazama mtu usoni mkasema hayupo? Kitu cha mwanamuziki mkubwa wa Kinshasa mnaogopa kukigusa, maana ana watu wake. Cha mzee aliyekimbia na inanga mgongoni mnakiita cha asili. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Sijutii. Niliponyamaza, kijana alikuwa analia, na sikumbembeleza, kwa sababu mimi nilihitaji kulia mapema kuliko nilivyolia. Kisha nilimshika mkono tukaenda wote wawili kwa Mzee Bigirimana. Alichoambiwa huko ni chake na mzee. Ninachoweza kukwambia ni kwamba jioni hiyohiyo aliufuta wimbo kwenye simu yake, akaanza kuzunguka kwa madereva mmoja mmoja akiwaomba waufute. Wengine wamekataa. Ataendelea kuzunguka.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukisikia wimbo ukakushika moyo, usikimbilie gitaa. Mwendee mwenyewe. Muulize jina lake kwanza, kabla ya jina la wimbo. Muulize unasema nini, ulitungwa siku gani ya maisha yake, na kama anakubali uuimbe. Akisema ndiyo, uimbe kama alivyokufundisha, na kila ukisimama mbele ya watu umtaje, hata wakichoka kusikia. Akisema hapana, basi ni hapana, hata kama ni wimbo mtamu kuliko yote uliyowahi kusikia. Hasa kwa mtu asiye na wa kumsemea, hapana yake uiheshimu mara mbili. Na kama huna wimbo, tunga wako, hata ukiwa mbaya. Watu wakikohoa, maliza.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe vidole vyepesi na moyo usio na haraka. Akujalie nyimbo zinazotoka katika siku zako mwenyewe, za furaha ziwe nyingi kuliko za kilio. Popote utakapokaa kuimba, Baraka au ugenini, akuletee watu watakaokuuliza jina lako, wanyamaze, wakusikilize.